Majabali ya Juu ya Chimala

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara kuu iendayo Zambia, akiisha kuipita Makambako na kuteremkia tambarare ya Usangu, huona upande wake wa kushoto ukuta mrefu wa majabali usioachana naye tena mpaka karibu na Mbeya. Na aghalabu huutazama kwa dirisha la basi, akausifu kwa neno moja au mawili, kisha akaurudia usingizi wake. Chimala ni mji uliokaa chini ya ukuta huo, katika wilaya ya Mbarali, mahali ambapo barabara ya lami na reli ya TAZARA zinakaribiana. Mabasi husimama hapo kwa muda mfupi, wachuuzi wakayazunguka na ndizi, karanga na mayai ya kuchemsha, abiria mmoja wawili wakashuka kununua mchele wa Usangu kwa debe, na safari ikaendelea. Wengi waijuao Chimala huijua kwa mchele huo, au kwa Hospitali ya Misheni ambayo wagonjwa huiendea kutoka mbali. Wachache mno ndio wajuao kwamba nyuma ya mji huu zinaanza njia za miguu ambazo humpandisha mwenye kuzifuata kutoka joto la mpunga mpaka baridi ya ngano, humpitisha katika uwanda wa maua ambao sijaona mfano wake, humwingiza katika msitu wenye kima asiyejulikana na wataalamu mpaka karne hii, na mwisho zikamtoa upande wa pili, kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa.

Mimi ni mtu wa Pwani, na wazee wangu walikuwa wakulima wa mpunga katika bonde la Rufiji, ambako mto ukifurika watu hushukuru na kulalamika kwa kinywa kimoja. Maji yale tuliyajua kwa rangi yake ya tope, kwa samaki wake na kwa mamba wake. Asili yake hatukuiuliza, kwa kuwa ni nadra mtu kuiuliza asili ya riziki imfikiayo mlangoni. Baadaye nilisoma katika ramani kwamba mmoja wa mito iulishayo Rufiji ni Ruaha Mkuu, na kwamba Ruaha Mkuu hukusanya vijito vyake vingi katika kingo za milima ya Kipengere na Uporoto, juu ya Usangu. Azma ya kwenda kupakanyaga mahali hapo kwa nyayo zangu ilinikaa moyoni kwa muda mrefu, na nilipopata wasaa nilifunga mzigo mwepesi, nikaongeza sweta mbili kwa ushauri wa watu waijuao nchi ile, nikashuka Chimala mwezi wa Februari, wakati ambapo mvua za nyanda za juu huwa zimekwisha kuyaamsha maua.

Kati ya Chimala na Matamba, iliyo juu ya majabali, ipo barabara ya magari ambayo sifa zake zimefika mbali. Wenyeji huiita Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake, na asiyeamini hesabu hiyo ana ruhusa ya kuihakiki maadamu asiwe dereva. Gari likiipanda huenda likigeuka na kugeuka tena, abiria wa kulia akaona korongo na wa kushoto akaona mwamba, kisha kwa kona moja wakabadilishana hofu. Lakini barabara hiyo ni mgeni mahali hapo. Kabla yake palikuwa na mapito ya miguu, na mapito hayo hayakufa. Huikata barabara penye kona, yakapanda wima baina ya kona na kona, na mpaka leo hutumiwa na wale ambao nauli ni mzigo kwao kuliko mzigo wenyewe. Hayo ndiyo niliyotaka kuyafuata.

Nilitafutiwa kiongozi, mzee wa Kiwanji aliyezaliwa juu na kuoa chini, kwa hiyo njia hiyo ameipita kwa harusi na kwa misiba, kwa njaa na kwa shibe. Nilipomwamkia, "Shikamoo mzee," aliitikia, "Marahaba, mwanangu," akavitazama viatu vyangu kabla ya kunitazama uso.

"Viatu ni vizuri," akasema. "Sasa tumwone mwenye viatu."

Tuliondoka alfajiri, kabla jua halijaushika mteremko, kwa maana sehemu ya chini ya njia ina joto lisilo na huruma. Chimala iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,000 na ushei, na ule uwanda wa maua, yaani Kitulo, uko mita 2,600. Tofauti hiyo mtu huilipa kwa magoti yake. Huko chini ni nchi ya miombo: mininga, mitundu, na misuku ambayo matunda yake watoto huyauza kando ya barabara msimu ukifika. Udongo ni mwekundu, mawe yamelegea, na njia hupanda kwa ukaidi bila ya kumpa mtu mahali pa kusawazisha pumzi. Mzee alikwenda mbele kwa hatua ndogo ndogo ambazo nilizidharau kwa nusu saa ya kwanza, kisha nikaziiga mpaka mwisho wa safari.

Hatukuwa peke yetu. Tuliwapisha kina mama walioteremka na maharage na viazi mviringo, wakatupita vijana waliopanda na mchele, mafuta ya taa na sabuni. Na kijana mmoja alipanda na mabati ya kuezekea kichwani, upepo ukiyashika kila alipotokeza penye uwazi, naye akisimama kungoja hasira yake ipite kisha akiendelea pasipo kusema neno. Mlima una viazi na maharage lakini hauna mchele, bonde lina mchele lakini halina viazi. Na kwa maneno ya mzee, biashara hiyo ya kubadilishana ni ya kale kuliko lami, kuliko reli, na kuliko shilingi zenyewe. Watalii huzipanda njia za namna hii kwa ajili ya siha na picha, na si vibaya. Ila mtu akumbuke kwamba anatembea juu ya barabara ya watu, na kwamba adabu ya kumpisha mwenye mzigo ni ya lazima hapo kuliko mahali pengine popote. Niliona aibu ya namna fulani kubeba begi la nguo zangu tu.

Katikati ya mteremko mzee alinikalisha juu ya mwamba, akanielekeza nitazame nilikotoka. Usangu yote ilikuwa wazi: mashamba ya mpunga yamegawanywa kwa majaruba yasiyo na idadi, mengine yaking'aa maji, mengine yamekwisha kukoza kijani, mifereji iliyonyooka ya mashamba makubwa, barabara yenye malori ya Zambia yaliyoonekana hayaendi, na mbali kabisa, kaskazini, ukungu wa joto uliofunika Ihefu, ile ardhi ya majimaji ambayo Ruaha Mkuu huipitia katika safari yake. Kila kijito kilichokuwa kikivuma katika korongo chini yetu kilikuwa kinakwenda huko. Mto Chimala nao, ambao sauti yake tuliisikia tangu asubuhi upande wetu, huzaliwa juu na kuteremka kwa pupa, na ukifika tambarare hupokewa na wakulima ambao kila mmoja ana haja nao.

Haja hizo zimezidi uwezo wa mto. Ruaha Mkuu, uliotiririka mwaka mzima kwa vizazi vyote ambavyo watu wanavikumbuka, tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wakabanana katika madimbwi. Kuna waliowalaumu wafugaji na ng'ombe wao, kuna waliowalaumu wakulima na mifereji yao. Serikali iliwaondoa wafugaji wengi, na mwaka 2008 sehemu ya nchi ya Usangu, pamoja na Ihefu, ikaingizwa katika hifadhi hiyo. Ugomvi huo si mdogo, kwa kuwa maji hayohayo yakitoka mbugani huzungusha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu, na kisha hukutana na Rufiji kuelekea bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Nilimwambia mzee kwamba taa za Dar es Salaam zinakitegemea kijito kile. Hakushangaa.

"Nasi huku juu tukiimaliza mianzi na misitu," alisema, "huko chini watagombania nini?"

Uwanda ulio juu ya njia hii uliwahi kupitwa na Mwingereza James Frederic Elton, balozi mdogo wa nchi yake huko Msumbiji, mwaka 1877. Yeye alikuja kinyume chetu: alitoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, akapanda milima pamoja na wenzake, akavuka nchi ya maua, akateremka Usangu kwa Merere, mtawala wa Wasangu, na mwaka huohuo, mwezi wa Desemba, homa ikamwua katika nchi ya Ugogo. Kitabu cha safari zake kilitolewa London mwaka 1879, na kwa miaka mingi ramani za wakoloni ziliuita uwanda huo kwa jina lake. Mzee aliisikiliza hadithi hii kwa makini, akauliza kama huyo bwana alibeba mzigo wake mwenyewe. Nikamjibu kwamba hapana, alikuwa na wapagazi. Akasema kwamba basi uwanda ungalipewa jina la wapagazi. Nimeitafuta hoja ya kumpinga na sijaipata.

Kona za mwisho zikiisha hewa hubadilika ghafla, na mtu aliyekuwa akijifuta jasho huanza kuitafuta sweta. Matamba iko katika wilaya ya Makete, ambayo ilikuwa sehemu ya mkoa wa Iringa mpaka mwaka 2012 ulipoundwa mkoa wa Njombe. Kwa hiyo mpandaji huacha mkoa mmoja chini na kuingia mwingine juu, na mpaka wenyewe ni huo mteremko. Hapa miombo imekwisha. Badala yake ni mikaratusi na misonobari, mashamba ya viazi yaliyolala juu ya miinuko, ngano kidogo, na pareto, ile mimea ya maua meupe ambayo wakulima huyachuma, huyakausha na kuyauza kwa ajili ya dawa ya kuua wadudu. Wawanji na jirani zao Wakinga ndio wenye nchi. Wakinga wanajulikana kila soko la Tanzania kwa bidii ya biashara, na baada ya kuuona mteremko ule sioni ajabu. Mtu aliyekwisha kubeba viazi mpaka Chimala na kurudi na mchele, Kariakoo itamtisha kwa lipi?

Usiku wa Matamba nauacha kwa maneno machache, maana mtu wa Pwani akianza kusimulia baridi hana kipimo. Nilivaa sweta zote mbili, nikaomba jiko la mkaa mpaka wakati wa kulala, nikanywa chai ya maziwa kwa viazi vya kuchemsha, na wenyeji wangu wakanifariji kwa kuniambia kwamba huo ni wakati wa joto. Mwezi wa Juni na Julai, walisema, jalidi huanguka usiku, na asubuhi majani ya viazi huonekana yameungua.

Ofisi ya hifadhi iko hapo Matamba, na mgeni hulipa ada yake akapewa rukhsa na askari wa kumwongoza. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005, ina ukubwa wa kilomita za mraba 412 na zaidi, na ndiyo ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuwekwa hasa kwa ajili ya mimea. Hapana simba wa kumngoja wala tembo wa kumpigia picha. Wapo wageni ambao habari hiyo huwakatisha tamaa, nao nawashauri waende Ruaha. Kitulo haitawalipa kitu. Wenyeji waliuita uwanda huu Bustani ya Mungu kabla ya serikali yoyote kuutambua, na wataalamu walipokuja kuhesabu walikuta aina 350 za mimea, na kati ya hizo aina 45 za okidi, nyingine zisizopatikana mahali pengine popote duniani.

Hesabu hiyo ni kweli, lakini haimtayarishi mtu. Tulitoka katika mashamba ya viazi, tukapanda kilima kifupi, na mara miti ikaisha. Mbele yetu ikafunguka nchi ya majani mafupi, yenye mawimbi, isiyo na nyumba wala mti mpaka upeo wa macho, nayo imejaa maua kwa wingi ambao jicho halikujua lianzie wapi. Yalikuwapo maua mekundu na manjano yaliyosimama juu ya shina moja kama mienge, yalikuwapo manjano tupu yaliyotandaa kwa ekari nzima, yalikuwapo ya zambarau, ya samawati na meupe, na chini yao, kwa yule aliye tayari kuinama, okidi za rangi ya waridi na za kijani, ndogo ndogo, zenye umbo la ufundi usiokadirika. Upepo ulipita na uwanda wote ukainama upande mmoja. Askari aliyetuongoza, kijana wa haya na wa maarifa mengi, alitutajia mimea kwa majina yake ya kitaalamu, na mzee akaitaja kwa majina ya Kiwanji pamoja na maradhi inayotibu, na baada ya muda wawili hao walikuwa wakifundishana, mimi nikawa msikilizaji tu.

Ndege wa uwandani si wengi kwa idadi lakini ni wa cheo. Tandawala, mkubwa na mwenye mwendo wa kiungwana, alituvukia njia bila ya haraka. Mbayuwayu wa buluu, ambaye amekuwa adimu Afrika nzima, huja kuzalia hapa wakati wa mvua na kuondoka baridi ikianza, akaelekea Uganda na nchi za jirani. Upande mmoja wa uwanda bado kuna shamba la serikali la ng'ombe wa maziwa, na ukungu uliposhuka tulisikia mlio wa ng'ombe bila ya kuwaona, jambo ambalo lilinikumbusha kwamba nchi hii haikuwa bustani peke yake. Imelishwa, imelimwa, na imejaribiwa kwa kila mradi kabla ya watu kukubali kwamba zao lake bora ni lile lililoota lenyewe. Mlima Mtorwi, wenye mita 2,961, husimama ukingoni upande wa Usangu, na wapimaji husema unaushinda Rungwe kwa kiasi cha mita moja. Watu wa Rungwe hawaipendi habari hiyo.

Juu ya mgongo wa uwanda huo ndipo nilipoliona lile nililolifuata. Mvua ikianguka upande wa kaskazini huingia katika vijito vya Usangu, ikawa Ruaha, ikawa Rufiji, ikamwagika katika mikoko iliyokabili kisiwa cha Mafia. Ikianguka upande wa kusini, hatua chache tu, huteremka katika mto Lufilyo, ikaingia Ziwa Nyasa, ikatoka kwa mto Shire, ikafuata Zambezi mpaka pwani ya Msumbiji. Bahari ni ileile ya Hindi, ila milango yake miwili imeachana kwa safari ya siku nyingi za jahazi. Nchi iliyo kati ya mianguko hiyo miwili ni bwawa la majani na mizizi linaloshika maji ya masika na kuyatoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi, na mtu akisimama juu yake husikia maji chini ya viatu vyake hata pale ambapo haoni tone.

Ndiyo maana kisa cha okidi kilinisikitisha kuliko nilivyotazamia. Baadhi ya okidi za Kitulo zina viazi chini ya udongo, na viazi hivyo nchini Zambia hutwangwa, vikachanganywa na karanga na magadi, vikapikwa mpaka vikagandamana na kukatwa vipande. Chakula hicho huitwa chikanda, na hupendwa hata mijini. Zambia ilipomaliza okidi zake wafanyabiashara walivuka mpaka, na kwa miaka mingi mamilioni ya viazi vya okidi yalichimbwa katika nyanda zetu za juu kila mwaka, yakasafirishwa kwa magunia. Anayechimba huzidisha shimo kila aonapo jani, na okidi iliyochimbwa kiazi haichipui tena. Sina haja ya kumtukana mchimbaji. Ni mtu wa kijijini mwenye watoto na karo, na aliyepata faida kubwa hakuwa yeye. Lakini sioni pia busara ya kuliita jambo hilo mila, maana mila ya watu wa huku haikuwa kuyauza maua ya Bustani ya Mungu kwa gunia. Hifadhi imesaidia ndani ya mipaka yake. Nje ya mipaka hakuna wa kulinda ila wenyeji wenyewe, nao watalinda kwa moyo siku watakapoona kwamba ua lililosimama huwaletea riziki kuliko lililong'olewa, na hapo ndipo miguu ya wageni inapokuwa na maana.

Upande wa kusini uwanda hukatika, na njia huteremka katika bonde la Numbi. Mtu huaga maua, akaingia katika mianzi iliyosongamana hata jua likawa habari ya mbali, kisha mianzi ikaachia miti mikubwa ya msitu wa Livingstone: mipodo yenye vigogo ambavyo watu watatu hawavikumbatii, miti iliyovaa kuvumwani na mimea midogo midogo kwenye kila tawi, na juu ya vichwa mbega walioruka kwa kelele na kututupia vijiti. Njia ilikuwa ya utelezi, finyu, na mahali pengine ilikuwa ni alama tu ambazo mzee alizitambua kwa namna isiyofundishika. Tulivuka vijito kwa magogo. Alama za kwato za minde, paa adimu wa misitu ya milimani, zilikuwa mbichi katika tope, naye mwenyewe hakuonekana, kama ilivyo tabia yake.

Msitu huu na ule wa mlima Rungwe ndizo maskani za kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kima huyo miaka yote, mwenye manyoya marefu ya hudhurungi, kishungi kichwani na mlio wa kukoroma usiofanana na wa kima mwingine. Na watafiti waliofika Rungwe kuuliza habari za wanyama walidhani mwanzoni kwamba ni kiumbe cha hadithi. Mwaka 2003 kundi la watafiti lililoongozwa na Tim Davenport lilimwona kwa macho. Wengine, pasipo kuwasiliana nao, wakamwona mwaka uliofuata huko Ndundulu katika milima ya Udzungwa, na mwaka 2005 akatangazwa ulimwenguni. Uchunguzi wa mwaka uliofuata ulionyesha kwamba ndugu zake wa karibu ni nyani, ila hafanani nao, akafanyiwa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, ya kwanza kwa kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 iliwakadiria kuwa 1,117, jamii nzima, idadi ambayo shule moja ya msingi ya mjini huizidi. Mzee alikuwa na neno juu ya ugunduzi huo, kwamba kima hakugunduliwa bali wazungu ndio waliozinduka. Nami nadhani wawindaji wangaliulizwa na kuaminiwa mapema, wangaliwaokolea wataalamu miaka mingi ya kutojua. Sisi tuliusikia mlio mara mbili kutoka upande wa pili wa korongo, askari akainua kidole tunyamaze, na mwenye mlio hakutokea.

Kutoka hapo ni kuteremka, na kuteremka huko hakuna la kusimuliwa ila maumivu ya mapaja. Msitu ulipokwisha tulitokea juu ya nchi ya Busokelo, migomba na chai kwanza, halafu kakao na mpunga kadiri joto lilivyorudi, watu wakituamkia kwa Kinyakyusa na kutucheka kwa upole kwa tope tulilolivaa. Tuliufuata mto Lufilyo mpaka tambarare, na jioni tukafika Matema, penye mchanga mweupe chini ya milima inayosimama wima kutoka majini. Nilifurahi kwamba kesho yake ilikuwa Jumamosi, kwa sababu ndiyo siku ya soko la Lyulilo, ambako wanawake wa Kikisi huleta kwa mitumbwi vyungu walivyovifinyanga Ikombe. Vyepesi, vyembamba, vimepakwa rangi nyeupe na nyekundu, na bei yake ni ndogo mno kwa ufundi ule. Nilinunua kimoja, nikakibeba mapajani katika basi mpaka Mbeya.

Atakaye kuifuata njia hii na aende kati ya Desemba na Aprili kama anatafuta maua, naye awe tayari kwa mvua na tope. Kama haja yake ni njia kavu na mandhari ya mbali, Septemba na Oktoba zamfaa zaidi, na Juni mpaka Agosti aende mwenye blanketi zito na subira. Apitie ofisi ya Matamba kwa rukhsa, amchukue kiongozi wa kijijini pamoja na askari wa hifadhi, amlipe kwa ukarimu bila ya kupunguza senti, na ampishe kila mwenye mzigo. Asichume wala asichimbe kitu. Ipo njia nyingine ya kuingilia Kitulo, ya Isyonje kutoka barabara ya Tukuyu, ambayo ni nyepesi zaidi kwa gari na huwafaa wazee na watoto. Lakini mimi naipa ya Chimala daraja la kwanza, kwa sababu humlazimisha msafiri kuliona bonde linalokunywa kabla ya kuuona mlima unaolinywesha. Mwenye magoti mazima na aianze alfajiri, kabla jua halijaushika mteremko.